Nani Anauhesabu Msitu wa Amazoni

Tarehe 23 Julai 1972 roketi iliondoka kituo cha Vandenberg, California, ikiwa na chombo ambacho baadaye kilikuja kuitwa Landsat 1. Ndani yake mlikuwa na bwana harusi na mpambe. Bwana harusi alikuwa mtambo wa kamera za televisheni, ambao wakubwa wa mradi waliutegemea. Mpambe alikuwa kifaa cha majaribio chenye kioo kilichotikisika mara 13 kila sekunde, kikiifagia ardhi mstari baada ya mstari badala ya kuipiga picha kwa mkupuo mmoja. Wachora ramani wengi walikitilia shaka. Kitu kinachotikisika angani kitatoaje ramani iliyonyooka? Haukupita muda, mfumo wa umeme wa zile kamera ukapata hitilafu, zikazimwa. Harusi ikaendelea na mpambe.

Aliyekibuni kifaa hicho alikuwa Virginia Norwood, mhandisi wa kampuni ya Hughes Aircraft, mwanamke aliyezoea kuwa peke yake katika vyumba vilivyojaa wanaume. Kabla ya safari ya angani, kifaa chake kilipakiwa kwenye lori kikazungushwa California, kikaelekezwa kwenye jabali la Half Dome huko Yosemite kuonekana kama kweli kinafanya kazi. Kilifanya. Norwood alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 96, na kwa miongo mingi wenzake walimwita mama wa Landsat.

Siri ya kifaa chake ilikuwa katika rangi. Jani bichi hula mwanga mwekundu, ndiyo chakula chake, lakini huurudisha kwa wingi mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, uitwao infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Kwa hiyo kifaa kinachopima mwanga wa kijani, mwekundu na infraredi kwa pamoja kinaweza kusema pale pana msitu na pale hapana, hata kama mtu aliye kwenye ndege angeona ukungu wa kijani tu. Kipande kidogo kabisa ambacho Landsat ya kwanza iliweza kukitofautisha kilikuwa na upande wa mita 80 hivi, tuseme uwanja wa mpira. Kilichokuwa kidogo kuliko hapo kilimezwa na majirani zake.

Wakati huo huo, kusini mwa dunia, serikali ya kijeshi ya Brazili ilikuwa ikipasua Amazoni kwa barabara. Barabara kuu ya Transamazônica ilitangazwa mwaka 1970, na wakulima maskini wa kaskazini mashariki waliokumbwa na ukame waliahidiwa mashamba kandokando yake. Nyuma yao wakaja wafugaji wakubwa waliopewa misamaha ya kodi. Tatizo la serikali halikuwa kwamba msitu unakatwa. Tatizo lilikuwa kwamba haikuujua msitu wenyewe. Mwaka 1970 ulianza mradi wa RADAM, ambapo ndege zilibeba rada ya kutazama ubavuni, kwa kuwa rada hupenya mawingu na Amazoni ni nchi ya mawingu. Ramani zilizotokana na kazi hiyo zilitafuta madini, udongo mzuri na njia za barabara. Inafaa kulikumbuka hilo, maana leo tunaisimulia habari hii kana kwamba vyombo vya angani vilizaliwa vikiwa walinzi wa miti. Kazi yao ya kwanza huko Amazoni ilikuwa kupiga hesabu ya mali.

Taasisi ya anga ya Brazili, INPE, yenye makao yake São José dos Campos, ililiona jambo mapema. Mwaka 1973 kituo chake cha kupokea mawasiliano huko Cuiabá, karibu na kitovu cha bara la Amerika Kusini, kilianza kunasa picha za Landsat moja kwa moja. Brazili ikawa nchi ya tatu duniani kufanya hivyo, baada ya Marekani na Kanada. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Nchi inayopokea picha kwa antena yake haingoji kuambiwa na mgeni hali ya shamba lake.

Kazi ya kuzisoma picha hizo, miaka ile, ilikuwa ya macho na mikono. Picha zilichapishwa kwenye karatasi kubwa, zikawekwa juu ya meza yenye taa chini ya kioo, mtaalamu akalaza karatasi angavu juu yake na kuchora kwa kalamu mpaka wa kila doa lililofyekwa. Mwaka uliofuata alichukua picha mpya ya mahali pale pale na kuchora nyongeza tu. Ndivyo INPE ilivyopata makadirio yake ya kwanza ya ukataji wa Amazoni mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1988 mambo yalibadilika kwa kishindo. Moshi wa Amazoni ulikuwa umeanza kuonekana katika magazeti ya dunia, na tarehe 22 Desemba mwaka huo mgema mpira na kiongozi wa wafanyakazi, Chico Mendes, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Xapuri. Makadirio ya ukataji yalikuwa yakirushwa kila upande, kila mtu na namba yake. INPE ikaanzisha hesabu ya kila mwaka, PRODES, ambayo inaendelea hadi leo. Sidhani kama kuna msitu mwingine wa kitropiki wenye daftari refu kama hilo.

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, David Skole na Compton Tucker, walichapisha katika jarida la Science hesabu yao ya picha za mwaka 1978 na 1988. Eneo lililofyekwa lilikuwa limepanda kutoka kilomita za mraba 78,000 hadi 230,000. Lilikuwa dogo kuliko wengi walivyodai, na kwa mwaka liliongezeka kwa kama 15,000. Lakini walifanya jambo la pili, ambalo kwangu ndilo muhimu zaidi. Walipima pia msitu uliobaki pembeni mwa mashamba, ule wa ndani ya kilomita moja kutoka ukingoni, unaopigwa na upepo na jua kali na kukauka. Walipoujumlisha, msitu ulioathirika ulikuwa mkubwa kuliko uliokatwa. Hapo ndipo swali lilipogeuka. Hadi siku ile kuharibiwa kulimaanisha kutokuwepo. Sasa msitu uliosimama nao ukawa mgonjwa wa kuhesabiwa.

Mgonjwa huyo hakupata daktari kwa muda mrefu, na sababu mojawapo ilikuwa fedha. Katikati ya miaka ya 1980 Marekani iliikabidhi biashara ya picha za Landsat kwa kampuni binafsi, bei ikapanda hadi dola 4,400 kwa picha moja. Kuifunika Amazoni kunahitaji picha zaidi ya 200. Mtafiti wa Kinshasa au Morogoro aliyetaka kufuatilia msitu wake kwa miaka kumi alifanya hesabu, akafunga daftari. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, iliendelea kuzunguka na kupiga picha hadi mwaka 2013, karibu miaka 29 kwa chombo kilichotarajiwa kuishi michache tu, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ililala ghalani kwa kukosa mnunuzi. Ghala lilifunguliwa bure kwa kila mtu mwaka 2008. Brazili yenyewe ilikuwa imetangulia: tangu mwaka 2004 iligawa bure picha za setilaiti zake za CBERS, ilizotengeneza kwa ushirikiano na China.

Mwaka 2004 ndio pia uliokuwa na hesabu ya kutisha. PRODES ilionyesha kilomita za mraba 27,772 zimekatwa katika mwaka mmoja. Burundi nzima ina kilomita za mraba 27,834. Waziri wa mazingira wakati huo alikuwa Marina Silva, binti wa wagema mpira wa jimbo la Acre, mtu aliyepigana bega kwa bega na Chico Mendes. Kwake PRODES ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikuwa cheti cha kifo. Ilitoka mara moja kwa mwaka, miti ikiwa imekwisha kuwa mkaa na ng'ombe wanalisha. INPE ikatengeneza mfumo wa pili, DETER, neno ambalo kwa Kireno lina maana ya kuzuia. DETER haikutumia Landsat, inayopita mahali pamoja kila baada ya siku 16. Ilitumia kifaa cha MODIS kwenye setilaiti ya Terra, chenye macho mabovu zaidi lakini kinachopita kila siku. Hakikuona doa lililo chini ya hekta 25. Hiyo ilitosha, kwa sababu wakati ule watu walikata kwa mamia ya hekta.

Taarifa za DETER zilikwenda kwa IBAMA, idara yenye askari wa mazingira, helikopta, na madaftari ya faini. Huu ndio ukurasa wa historia hii ambao wapenzi wa teknolojia huupita haraka. Setilaiti haikamati mtu. Aliyekamata ni ofisa aliyeshuka kwenye matope akiwa na ramani mkononi, akazuia matrekta, akalifungia shamba lisiuze mazao. Mwaka 2008 serikali iliorodhesha wilaya 36 zilizokata kupita kiasi, na benki zikaanza kuwanyima mikopo wakulima wa Amazoni wasiothibitisha kwamba wanafuata sheria. Gavana wa jimbo la Mato Grosso, Blairo Maggi, ambaye familia yake ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa soya duniani, alidai kwamba hesabu za INPE si sahihi. INPE ikarudi kwenye maeneo hayo kuyahakiki na kusimama na namba zake.

Je, ni kweli setilaiti ndizo zilizopunguza ukataji, au ni bei ya soya iliyoshuka? Wachumi Juliano Assunção, Clarissa Gandour na Romero Rocha walipata njia ya werevu ya kulijibu swali hili, nao walilitegemea wingu. MODIS haioni kupitia mawingu. Basi wilaya iliyofunikwa na mawingu mwaka fulani ilikuwa kipofu kwa DETER, bila kosa la mtu yeyote. Walipolinganisha, wilaya zenye mawingu zaidi zilipata faini chache, na penye faini chache ukataji uliofuata ulikuwa mkubwa. Paka akiondoka panya hutawala, na hapa paka alikuwa akiondolewa na hali ya hewa. Kufikia mwaka 2012 ukataji ulikuwa umeshuka hadi kilomita za mraba 4,571, ambazo ni chini ya Unguja tatu.

Panya nao si wajinga. Wakataji walijifunza kwamba hekta 25 ndizo mpaka wa macho, wakaanza kufyeka vipande vidogo vidogo. Wengine, tangu kabla ya DETER, hawakufyeka kabisa. Waliingia msituni, wakatoa miti ya thamani tu, wakaliacha paa la majani likiwa limesimama.

Ukataji huo wa kuchagua hauonekani kirahisi kutoka juu. Mhogani mmoja ukiangushwa huvuta chini majirani waliofungwa nao kwa mizabibu mwitu, trekta hupasua njia ya kuuburuta, na mahali pa kurundika magogo hubaki kiwanja cha udongo mtupu. Lakini msitu wa mvua hufunika aibu haraka. Mwaka mmoja au miwili baadaye majani yamerudi, na kwenye picha ya Landsat kila kitu ni kijani. Gregory Asner na wenzake waliuvunja ukimya huo mwaka 2005. Walikichambua kila kipande cha picha ndani kwa ndani: asilimia ngapi ni majani mabichi, ngapi ni mabaki makavu, ngapi ni udongo. Kati ya mwaka 1999 na 2002, walisema, ukataji wa kuchagua ulipita katika kilomita za mraba 12,075 hadi 19,823 kila mwaka. Hilo lilikuwa eneo linalokaribia, na miaka mingine kulizidi, lile lililokuwa likitangazwa kama ukataji wote.

Hata hivyo rangi ina kikomo. Inaeleza uso wa msitu, haielezi kimo chake wala kilicho chini ya paa. Msitu wa mita 40 na kichaka cha mita 8 vinaweza kuwa na kijani kile kile. Hapo ndipo leza inapoingia.

Leza ya kwanza iliwashwa tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, na Theodore Maiman, kwa kijiti cha johari ya rubi. Maabara yake ilikuwa ya Hughes, kampuni ile ile iliyomwajiri Norwood. Macho mawili ya msitu, la rangi na la kimo, yametoka tumbo moja. Kanuni ya kupima kwa leza haina uchawi. Unatuma mpigo mfupi wa mwanga chini na kungoja urudi. Sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu na kurudi mapema; nyingine hupenya kwenye mianya, hugonga matawi, vichaka, na mwisho udongo. Katika msitu wa mita 30, tofauti kati ya mwangwi wa kwanza na wa mwisho ni kama sehemu 200 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Mwenye saa ya kupima hicho anapata kimo cha mti, na zaidi ya kimo, anapata mpangilio wa msitu tabaka kwa tabaka. Kutokana na hapo hukadiriwa uzito wa miti na kaboni iliyomo.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndege za leza zilipita hata juu ya misitu ya miombo ya Liwale, mkoani Lindi, katika utafiti wa Wanorwe pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko Brazili, INPE ilirusha ndege juu ya mamia ya vipande vya Amazoni kati ya mwaka 2016 na 2018, ikitafuta hesabu ya kaboni. Katika data hizo kukajitokeza kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: miti mirefu kupita kiasi karibu na mpaka wa majimbo ya Pará na Amapá. Wataalamu walidhani mwanzoni kuna kosa. Mrefu kuliko yote, mti wa aina ya Dinizia excelsa, ulikuwa na mita 88.5. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa msafara wa watu kuufikia kwa mashua na miguu, wakakuta leza haikudanganya. Mwaka 2024 jimbo la Pará liligeuza eneo hilo kuwa hifadhi.

Ndege ni ghali, na Amazoni haimalizwi kwa ndege. Ralph Dubayah wa Chuo Kikuu cha Maryland aliongoza mradi wa leza ya misitu angani uliochaguliwa na NASA mwaka 1997, lakini haukuruka kamwe. Alingoja miaka zaidi ya 20. Tarehe 5 Desemba 2018 kifaa chake kipya, GEDI, kilipanda hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga kikafungwa ubavuni mwake. Kinatuma mipigo 242 ya mwanga kila sekunde kwa kila leza, na kila mpigo unapima duara la kipenyo cha mita 25. Hakitoi picha. Kinadonoa tu hapa na pale, mamilioni kwa mamilioni ya madoa, kisha wataalamu huyaunganisha madoa hayo na picha za Landsat na rada ili kujaza mapengo. Mwaka 2023 kiliondolewa mahali pake kupisha kifaa kingine, na ilibaki kidogo kitupwe kiungue angani. Baada ya rufaa za wanasayansi kikahifadhiwa, na Aprili 2024 kikarudishwa kazini.

Majibu ya macho haya yote yalipokusanywa yalikuwa mabaya kuliko daftari la zamani. Utafiti uliochapishwa katika Science mwaka 2020, ukiongozwa na Eraldo Matricardi, Skole akiwemo tena baada ya miaka 27, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1992 na 2014 Amazoni ya Brazili ilipoteza kwa kukatwa kilomita za mraba 308,311, na katika muda huo huo 337,427 ziliharibiwa huku zikibaki misitu kwa jina.

Kuona, basi, si kazi ngumu tena. Ngumu ni kukikubali kilichoonekana. Mwezi Julai 2019 rais wa Brazili, Jair Bolsonaro, aliwaambia waandishi wa habari wa kigeni kwamba takwimu za INPE ni za uongo, na kumshuku mkurugenzi wake, mwanafizikia Ricardo Galvão, kwamba anatumikia mashirika yasiyo ya kiserikali. Galvão hakunyamaza kama watumishi wengi wa umma wanavyoshauriwa. Alijibu hadharani, na tarehe 2 Agosti akapoteza kiti chake. Mahali pake akawekwa afisa wa jeshi la anga. Namba lakini hazikuhama ofisi pamoja na mkurugenzi. Hesabu kamili ya PRODES ilipotoka, ukataji wa mwaka ule ulikuwa kilomita za mraba 10,129, zaidi ya zile DETER ilizokuwa imeonya. Mwaka 2021 ulifika 13,038. Setilaiti zilikuwa zile zile na wataalamu wale wale. Kilichopungua ni yule ofisa mwenye daftari la faini. Galvão alirudi serikalini mwaka 2023, safari hii kuongoza baraza la taifa la utafiti, na Marina Silva akarudi kwenye wizara yake.

Ukataji ukashuka tena. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2024 na moto. Msitu uliochokonolewa kwa magogo na kukaushwa pembeni huwaka kwa urahisi ambao msitu mzima hauna, na mwaka huo, katika hesabu ya Chuo Kikuu cha Maryland, moto ulikuwa kwa mara ya kwanza chanzo kikuu cha kupotea kwa misitu asilia ya kitropiki, ambako kwa jumla kulifikia hekta milioni 6.7 duniani kote.

Kwa mwaka ulioishia Julai 2024, PRODES ilikadiria ukataji wa Amazoni kuwa kilomita za mraba 6,288, idadi ndogo kuliko zote katika miaka tisa, na serikali ikaitangaza kwa furaha. Msitu ulioungua lakini bado una miti iliyosimama haumo katika namba hiyo. Uko kwenye jedwali jingine.